Msema Pweke Hashindwi

Wako wanaosema kwamba jaji hana kazi katika mambo ya tiba. Hakusomea udaktari, basi kwa nini atengue uamuzi wa baraza la wataalamu lililomwadhibu daktari au muuguzi? Hoja hii naisikia mara nyingi vibarazani hapa Kilwa Masoko, na aghalabu wanaoitoa ni watu wenye uchungu wa kweli. Hata hivyo wanakosea, na kosa lao linamdhuru mgonjwa kuliko linavyomdhuru mtabibu.

Kwanza tuelewane. Katika mapitio, Mahakama Kuu haiulizi kama sindano ilichomwa sawasawa. Huuliza mambo machache. Je, mshtakiwa aliambiwa kosa lake? Alipewa nafasi ya kujitetea? Aliyemshtaki ndiye huyo huyo aliyeketi kumhukumu? Sababu za uamuzi zilitolewa? Haki ya kusikilizwa imo katika Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, nayo inavibana vyombo vyote vya maamuzi, si mahakama peke yake. Katika miaka ya 1990, kwenye kesi ya James Gwagilo dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama Kuu ilishikilia kwamba mtumishi aliyestaafishwa kwa manufaa ya umma ana haki ya kuelezwa sababu. Kwa nini mkunga apewe chini ya hapo?

Mwaka 2012, baada ya mgomo wa madaktari, Baraza la Madaktari Tanganyika lilisimamisha usajili wa madaktari wengi waliokuwa katika mafunzo ya vitendo. Uwe uliunga mkono mgomo au uliupinga, utakubali kwamba chombo chenye uwezo wa kufunga riziki za watu namna hiyo lazima kiwe na wa kukikagua.

"Na mgonjwa je?" utaniuliza, ndugu msomaji. Ndiye ninayemtetea. Kumbuka mkasa wa mwaka 2007 katika Taasisi ya Mifupa, Muhimbili: wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa, wa goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Taifa lilipiga kelele, na kwa haki. Lakini kabla ya kufika kwenye kisu, mgonjwa hupita katika mikono mingi: ya mtunza majalada, ya msukuma kitanda, ya muuguzi, ya mtoa dawa ya usingizi. Adhabu ya haraka humwangukia aliye karibu. Kusikiliza kwa makini ndiko kunakofichua mlango ulioachwa wazi, ili usimpitishe mwingine.

Tena zahanati zetu za pwani zina wahudumu wachache. Mkunga wa kisiwani akisimamishwa kwa fitina ya mkubwa wake, mjamzito ndiye atakayepanda mashua usiku. Na akisimamishwa kwa kosa la kweli lakini bila kusikilizwa, mahakama itautengua uamuzi, naye anaweza kurudi kazini akiwa na amri mkononi. Hapo watu humlaani jaji. La hasha! Walaumiwe waliofanya haraka, na watakiwe kuanza upya kwa utaratibu, kwa maana kutenguliwa kwa uamuzi si kutakaswa kwa mtu.

Nilipokuwa mkuu wa shule, na hata chuoni nilipowafundisha walimu, mwanafunzi hakufukuzwa kwa neno la mwalimu mmoja. Aliitwa, akasomewa kosa, akajibu, na yote yakaandikwa. Hatukufanya hivyo kwa kumdekeza. Tulijua kwamba msema pweke hashindwi, hata akiwa mwongo.

Basi nadai mambo matatu. Mabaraza yatoe sababu kwa maandishi. Mgonjwa au ndugu zake nao waitwe na wasikilizwe, wasipate habari kwa uvumi. Na kila anayeadhibiwa aelezwe siku hiyo hiyo kwamba muda wa kuomba ruhusa ya mapitio ni miezi sita tu. Baraza lililotenda haki halina sababu ya kuogopa jicho la jaji.