Ramani za zamani za Utete zisiachwe zioze

Ramani za zamani za topografia zinazoonyesha mji mdogo wa Utete, Mto Rufiji na misitu inayouzunguka mji huo zihifadhiwe kidijitali na zifunguliwe kwa wananchi, kabla karatasi hazijaliwa na mchwa.

Sababu ya kwanza ni usalama. Katika ramani ya kipimo cha 1:50,000, sentimita mbili ni kilomita moja. Kontua za rangi ya kahawia na alama za kinamasi huonyesha mabonde ambayo maji huyarudia. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, wakazi wengi wa bonde la Rufiji walihamishiwa maeneo ya juu. Mwaka 2024 maji yalifunika tena mashamba na makazi Rufiji. Mto hausahau njia yake. Anayegawa viwanja asiisahau.

Sababu ya pili ni misitu. Rangi ya kijani katika ramani hizo ni ushahidi wa mahali misitu ilipofika enzi hizo. Bila kipimo cha jana, hasara inayoletwa leo na mkaa na magogo haipimiki.

Ya tatu ni haki. Ramani zilizochorwa kabla ya watu kuhamishwa zina majina ya makazi ya awali, na ni msaada mkubwa migogoro ya mipaka inapozuka.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye dhamana ya kumbukumbu hizi waziskani, wapeleke nakala Utete kwenyewe, na waanze sasa.