Ukienda Pugu Hujalikimbia Jiji

Kuna aina ya makala inayochipuka kwenye kurasa zetu za fasihi kama uyoga baada ya masika. Mwandishi wa Dar es Salaam anaamka Jumamosi, anaelekea Kisarawe, anatembea mchana mmoja katika msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, halafu anarudi na aya nane. Aya ya kwanza: jiji lina kelele. Ya pili: foleni ya Gongo la Mboto. Ya tatu: ameshuka, amevuta pumzi, hewa safi. Kisha inakuja miti mirefu, ndege, ukimya, na nafsi iliyopata utulivu. Mwishoni tunaaswa tulikimbie jiji mara mojamoja. Picha sita chini. Hakuna jina hata moja la mtu aliyewahi kuishi, kufanya kazi au kufia pale.

Nitasema bila kumung'unya maneno: makala hizo ni za kivivu, na uvivu wake una madhara. Zimejengwa juu ya uongo mmoja, kwamba Pugu iko nje ya jiji, kwamba ukifika pale umetoka kwenye historia na kuingia kwenye mandhari. Ukweli ni kinyume. Vilima vile vimehusika katika kuijenga Dar es Salaam na siasa zake kuliko mitaa mingi ya Posta mnayoipiga picha kwa heshima. Anayekwenda Pugu hajalikimbia jiji. Amelifuata huko lilikotoka.

Tuanze na tarehe, maana wapenda fasihi tuna tabia ya kuzikwepa. Mwaka 1888 wamisionari Wabenedikto kutoka Ujerumani walifungua misheni Pugu. Tarehe 13 Januari 1889, wakati pwani nzima inachemka kwa vita tunavyoviita vya Abushiri, misheni hiyo ilishambuliwa. Baadhi ya wamisionari waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Yaani kabla Dar es Salaam haijawa makao makuu ya koloni la Wajerumani, watu wa upande huu walikuwa wameshapeleka jibu lao kwa waliokuja kukaa bila kukaribishwa. Sasa wewe unafika palepale, unaandika "utulivu wa asili". Utulivu upi?

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam, na miaka miwili baadaye ilikuwa imefika Morogoro. Njia yake inapita Pugu. Na yale mapango ya popo ambayo kila mtu anapenda kuyaposti siyo mapango ya asili hata kidogo. Ni mahandaki ya mgodi wa zamani wa kaolini, udongo mweupe unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri na karatasi. Mikono ya watu ilichimba pale. Popo ni wapangaji waliokuja baadaye. Mwandishi anayeingia handakini akaandika juu ya "maajabu ya uumbaji" amewafuta wachimbaji wote kwa sentensi moja, halafu anajiita mtetezi wa wanyonge kwenye utambulisho wake.

Halafu kuna walimu. Mwaka 1952 Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh, kisha akaenda kufundisha Chuo cha Mtakatifu Francis, Pugu. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, rais wake alikuwa bado mwalimu wa Pugu. Machi 1955 akaacha kazi, baada ya kutakiwa achague kati ya ualimu na siasa. Mikutano ilikuwa mjini, lakini daftari za kusahihisha zilikuwa kilimani. Kila tarehe 7 Julai tunajaza kurasa kuhusu mitaa ya Kariakoo, na tunafanya vizuri. Ila ule upande mwingine wa barabara, alikotoka huyo mwalimu na alikorudi usiku, tumewaachia watu wa pikiniki.

Sogea kidogo, upande wa Kisarawe. Pale Minaki kuna shule ambayo mwandishi wa Kiswahili hapaswi kuipita bila kusimama. Chuo cha Mtakatifu Andrea cha wamisionari wa UMCA kilianzia Kiungani, Zanzibar, kikahamishiwa Minaki mwaka 1925. Kiungani hiyohiyo ndiko vijana waliokombolewa utumwani walikosimulia habari za maisha yao, na A. C. Madan akazichapisha kwa Kiingereza mwaka 1887. Kwa maneno mengine, msitu huu unaouita mtupu unapakana na shule yenye nasaba ya baadhi ya simulizi za awali kabisa za maisha zilizotoka vinywani mwa Waafrika wa upande wetu. Wewe ni mtu wa fasihi, umepita hapo, umeandika kuhusu vipepeo!

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Mtu amechoka wiki nzima, mwache apumzike, si kila matembezi yawe somo la historia." Sawa kabisa. Mpumzikaji simgusi. Mama aliyebeba chupa ya chai na watoto watatu wakakae kivulini hana deni lolote kwangu, na mchana wa namna hiyo ni haki ya mkazi wa mji kama ilivyo maji. Ninayegombana naye ni anayeandika. Ukishachukua kalamu na kuwaambia wengine mahali ni nini, umeacha kuwa mgeni wa pikiniki, umekuwa shahidi. Shahidi haulizwi kama alipumzika vizuri. Anaulizwa aliona nini.

La pili ni gumu zaidi: "Tunaandika hivyo ili watu wapende msitu na waulinde." Nia hiyo naiheshimu, kwa sababu msitu wenyewe uko taabani kweli. Ni mabaki ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, na ndani yake anaishi komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku ambaye duniani kote anajulikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Sehemu kubwa ya Kazimzumbwi imewahi kukatwa, na migogoro ya mipaka kati ya wanavijiji na hifadhi ni hadithi ndefu. Lakini hebu tuangalie maandishi ya "msitu mtupu" yanafanya nini hasa. Yanapomwondoa mwanadamu kwenye picha, mwanadamu wa kwanza kuondolewa ni Mzaramo wa Kisarawe. Akirudi kwenye makala, anarudi kama mharibifu: mchoma mkaa, mvamizi, mtu mwenye panga.

Na huo mkaa unakwenda wapi? Unapanda bodaboda kwenda Dar es Salaam. Unawaka kwenye majiko ya Ukonga, Tabata na Sinza. Mwandishi wetu anamaliza matembezi yake, anarudi mjini, anakaa mahali anaagiza nyama choma, anafungua simu na kuanza kulaani wachoma mkaa. Jamani! Kama Pugu ingeandikwa kuwa sehemu ya jiji, swali la mkaa lingekuwa swali la jikoni kwetu, la bei ya gesi na la mishahara. Ikiandikwa kama pahali pa mbali pa kukimbilia, linakuwa swali la tabia mbaya ya watu wa mbali. Ndiyo maana nasema uvivu huu una madhara: unahamisha lawama.

La tatu nalisikia zaidi kwa vijana: "Kisarawe inahitaji burudani, matamasha, mahema, muziki, siyo makumbusho." Nani kasema kuna ugomvi hapo? Uzaramo haijawahi kusubiri spika kutoka mjini ili istarehe. Mdundiko ni ngoma ya huku, ngoma inayotembea, inayokusanya watu njiani hadi mtaa mzima unajikuta umo ndani, na ndiyo iliyoingia jijini ikawa ya jiji. Kuna ngoma za unyago, kuna mwanahiti, sanamu ya mti anayokabidhiwa mwali. Starehe ya mahali hapa ina historia ndefu kuliko hifadhi yenyewe. Leteni muziki, karibuni sana. Lakini anayeandika habari za tamasha msituni kana kwamba ngoma imefika Kisarawe kwa mara ya kwanza ndani ya lori la vyombo, huyo hajafanya kazi yake.

Tena sisi hatuna kisingizio cha kukosa mfano. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa kitabu cha *Safari za Wasuaheli*, mkusanyiko wa habari za safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe. Humo Selim bin Abakari anaeleza safari yake hadi Urusi na Siberia, akiwa amefuatana na Mjerumani, na Mtoro bin Mwinyi Bakari anaandika kuhusu Wadoe na mila zao. Ndiyo, kitabu kilitengenezwa ndani ya koloni, kwa matakwa ya Mzungu, na lazima kisomwe hivyo. Lakini angalia udadisi wa wale wazee. Wanataka kujua watu wanakula nini, wanavaa nini, wanaoaje, wanazikaje. Msafiri wa Kiswahili wa zaidi ya miaka 100 iliyopita alifika ugenini akauliza habari za wenyeji. Mjukuu wake anafika Kisarawe, umbali wa nauli ya daladala, akatuletea habari za nafsi yake.

Kibaha nako hali ni ileile, ila kwa sura nyingine. Pugu huandikwa kama pa kukimbilia, Kibaha kama pa kupitia. "Tulipita Kibaha tukielekea Morogoro." Basi. Mji una mtaa unaoitwa Picha ya Ndege, na hakuna mwandishi aliyeshuka garini kuuliza ndege gani, picha gani! Mwaka 1963 nchi za Nordic zilianza pale mradi wa shule, afya na kilimo, ukakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970, na ndilo Shirika la Elimu Kibaha la leo. Ukitaka kuona ndoto za miaka ya kwanza ya uhuru zilivyokuwa kwa matofali, mchana mmoja Kibaha utakufundisha kuliko vitabu kadhaa vya nadharia. Na tangu Juni 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam kwenda Morogoro kupitia Pugu, Soga na Ruvu. Viwili vya mwisho viko Kibaha. Reli imeshaelewa kwamba huku ni kumoja. Waandishi bado.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo, na linatekelezeka wikendi hii. Nenda saa nane mchana. Kabla hujaingia msituni, zungumza na mtu mmoja wa Kisarawe aliyezidi miaka sitini, umuulize shamba la babu yake lilikuwa wapi. Pita Minaki. Ukifika kwenye mapango, andika neno "mgodi" kabla ya neno "popo". Kaa hadi saa kumi na mbili jioni uwaone popo wakitoka, ni haki yako, wanapendeza kweli. Ukirudi, andika aya zako nane. Saba ziwe za watu. Moja, ukipenda, iwe ya hewa safi.

Na wahariri wa kurasa zetu, wadogo kwa wakubwa: ikija makala ya Pugu isiyo na jina la mtu wala mwaka hata mmoja, mrudishieni mwenyewe. Mwambieni bado hajafika.