Kabla ya kumnunulia mtoto mbwa, uliza kazi ya babu zake

Border Collie akiletwa kwenye nyumba yenye watoto, huenda akaanza kuwazunguka uani, kuwanyatia, na kumng'ata kisigino anayekimbia. Mzazi anaona mbwa mkorofi. Kumbe anachunga.

Mbwa hawa walitokana na wafugaji wa mpakani mwa England na Scotland, waliochagua wale wanaokodoa macho, kunyatia na kufukuza kondoo bila kuwaua. Hakuna anayemfundisha kunyatia. Anafundishwa lini aende kushoto, lini kulia, lini alale chini. Akikosa kondoo, huchunga anachokipata: watoto, baiskeli, hata magari.

Lakini silika haimalizi kazi. Nchini Namibia, tangu 1994, wafugaji wamekuwa wakipewa mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki, Anatolian Shepherd, walinde mbuzi dhidi ya duma. Ulinzi umo damuni mwao. Hata hivyo hupelekwa zizini wakiwa wadogo, wakue na mbuzi na kuwaona kuwa ndio jamaa zao. Akilelewa sebuleni, atalinda sebule.

Sasa lile neno la wauzaji, kwamba "aina hii ni mpole kwa watoto". Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya taarifa za mbwa zaidi ya 18,000. Aina ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Utiifu kwa amri ulionekana kufuata aina kwa kiasi fulani. Wepesi wa kuchokozeka, jambo ambalo mzazi hasa ndilo analoliogopa, karibu haukuifuata kabisa.

Kinachopuuzwa ni umri. Kati ya wiki ya 3 na takriban ya 14, mtoto wa mbwa hujifunza nani wa kawaida na nani wa kuogopwa. Wengi hapa kwetu humfungia bandani siku nzima ili "awe mkali". Huyo hukua bila kuzoea kelele na mbio za watoto, awe German Shepherd au Labrador.

Kwa hiyo ukifika kwa muuzaji, omba kumwona mama yake, uone anavyompokea mgeni. Uliza watoto wa mbwa walilelewa wapi, na kama wamewahi kushikwa na watoto. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, wa aina yoyote ile.