Mgeni akipanda ndege, nani anabaki?

Wapo wageni waliokuja Afrika kwa moyo safi kupambana na UKIMWI. Hatuwabezi. Lakini vijana, tusidanganyane. Mwaka 1987 Mama Noerine Kaleeba wa Uganda, aliyefiwa na mumewe kwa ugonjwa huu, alianzisha TASO na wenzake. Wageni walisukuma gari, usukani wakashika wenyewe. Mwaka 1996 mama huyo akaenda Geneva kufanya kazi UNAIDS. Safari hii Mwafrika ndiye aliyekwenda kuwafundisha wao!

Hapa kwetu tumewaachia wafadhili gari na usukani. Januari 20, 2025, Donald Trump alisimamisha misaada kwa siku 90. Watumishi wa USAID wakaitwa kwao. Waelimishaji rika wengi wakabaki mitaani bila posho, na wagonjwa mkononi.

Vigogo, mwaka 2001 kule Abuja marais wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Iko wapi? Mkinunua mashangingi hamngoji mfadhili! Tunasema: walipeni waelimishaji hawa kwa kodi yetu. Nguo ya kuazima haisitiri matako.