Tunamsamehe Kodi Asiyeilipa

Kila msimu wa bajeti wimbo ni uleule: wenye nyumba wapunguziwe kodi ya majengo, nao watapunguza kodi ya pango. Lugha yenyewe inausaidia uongo huu. Inachodai serikali ni kodi, anachodai baba mwenye nyumba ni kodi, basi mtu anadhani hii ikishuka na ile itateremka nayo.

Njooni kwetu Tandale. Nyumba ina vyumba sita na mita moja ya umeme. Mlangoni kwa dada wa chumba cha kwanza linaning'inia daftari la LUKU, kila mtu na jina lake na mchango wake. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye umeme. Kwa nyumba ya kawaida ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu 2023 ni 1,500. Tukinunua umeme wa 5,000 mwanzoni mwa mwezi, 1,500 imeshakwenda kabla hatujawasha taa. Kisheria mlipaji ni mwenye nyumba, na tuliambiwa tumkate kwenye pango. Nilijaribu. Akaniuliza kama nimechoka kukaa kwake.

Huyo ndiye mnayetaka kumpunguzia? Haya, tuseme ifutwe yote, na Mungu amguse aturudishie mpaka senti ya mwisho. Tukigawana 1,500 watu sita, kila mmoja anapata 250 kwa mwezi. Haifiki nauli ya daladala. Chumba ni 60,000, na kinachoumiza zaidi ni kudaiwa ya miezi sita kwa mkupuo, 360,000, huku dalali amesimama pembeni anangoja ya mwezi wake.

Kenya nao Januari 2024 walishusha kodi ya mapato ya pango kutoka asilimia 10 hadi 7.5. Nani amemwona mwenye ploti wa mtaa wa Pipeline akipita mlango kwa mlango kurudisha tofauti? Pango hupandishwa na uhaba wa vyumba karibu na vibarua vyetu, na uhaba huo hausikii habari za bajeti.

Sikatai msamaha, nakataa msamaha wa bure. Hata New York, ilipoanza kuwasamehe wajenzi kodi ya majengo mwaka 1971, haikudai chumba hata kimoja cha bei nafuu. Masharti yalikuja miaka mingi baadaye. Kwetu anayetaka kusamehewa atie saini: pango lisipande miaka mitatu, lipokelewe mwezi kwa mwezi, na nakala ya mkataba ikae serikali ya mtaa. Ila kwa 18,000 za mwaka mzima hakuna atakayehangaika hata kutafuta kalamu. Chambo kiwe ile kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango, ambayo akiikumbuka anakosa usingizi.

Daftari la mwezi huu nimeliona asubuhi. Chini ya umeme dada ameandika kwa wino mwekundu: jengo, 250. Majina ni sita, la mwenye jengo halimo.