Stara Haikuzuii, Mshono Ndio Unaokuzuia



Wiki mbili zilizopita bi harusi mmoja wa Unguja, ambaye nguo zake za harusi nazishona mimi huku Sumbawanga, alinitumia video. Msichana amefungwa mikanda kiunoni na mapajani, kichwani kofia ngumu, anateleza juu ya waya kutoka kilima hiki hadi kile, na msitu uko chini ya miguu yake. Akaniandikia hivi: "Dada, mwenzangu anataka tukafanye haya wakati wa fungate. Sisi tunaojistiri tunaweza kweli, au ni mambo ya wazungu?"

Mchezo huo wanauita ziplaini, na hauko Ulaya tu. Kenya upo katika msitu wa Kereita, pembezoni mwa milima ya Aberdare. Uganda upo katika msitu wa Mabira, kwenye njia ya Kampala kwenda Jinja. Kwa hiyo anachoulizia mwenzetu huyu kinafikika kwa basi.

Sikumjibu siku ile. Nilitaka kuandika "ndiyo" nikakumbuka goti langu.

Mimi sijapanda waya, nisiwadanganye. Nilichojaribu ni kushuka Kalambo. Kwa asiyejua, mimi ni mtoto wa kisiwani niliyeolewa bara, na huku nilikoolewa ni Ufipa, kwenye uwanda wa juu ambapo mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai hapa tunalala na mablanketi mawili. Ukitoka mjini kwa barabara ya Matai na Kasanga, kisha ukakata kuelekea kijiji cha Kapozwa, unafika mpakani mwetu na Zambia. Hapo Mto Kalambo unafika ukingoni na kuanguka wima, zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, kisha unapita kwenye bonde refu jembamba kwenda Ziwa Tanganyika. Ni msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na wamejenga ngazi za kushukia bondeni. Wataalamu waliochimba juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na mikono ya watu wa kale, umri wake miaka 476,000. Subhanallah. Na sisi tunaoishi safari ya siku moja kutoka hapo, wengi hatujawahi kufika.

Tulikwenda mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekwisha na maji bado ni mengi. Wifi yangu alikuwa ameolewa wiki tatu kabla, na mume wake alitaka kumwonyesha nchi. Tulikuwa watu saba: wao wawili, mimi na mume wangu, mashemeji wawili na mtoto wa dada yangu aliyekuja likizo. Tuliondoka baada ya Alfajiri, tukanywa chai na maandazi Matai, tukaendelea.

Mimi ni fundi, na fundi hutembea akiwa tangazo la duka lake. Nilivaa abaya mpya niliyoishona mwenyewe, nyeusi, mshono wa samaki, imebana magotini na kumwagika chini. Mashallah, kwenye gari kila mmoja aliisifu. Wifi alivaa dera lake la zamani juu ya suruali pana na raba za mdogo wake. Nilimwambia, nikicheka, "Wifi, bi harusi gani huyu kama anakwenda kuvuna ulezi?"

Ngazi za Kalambo si ngazi za nyumbani. Ni nyingi, na karibu na maji zina unyevu wa ule mvuke unaorushwa. Nilihesabu hadi mia nne nikapoteza hesabu. Abaya yangu ilinipa hatua ya shubiri mbili, basi. Kila ngazi iliyokuwa ndefu kidogo ilinibidi niigeukie ubavu kama kaa. Watu husema mwenda pole hajikwai. Mimi nilikwenda pole na nikajikwaa, kwa sababu nilikanyaga upindo wangu mwenyewe. Goti lilipiga jiwe, na kama mume wangu asingenidaka mkono, leo pengine mngekuwa mnaniombea dua.

Nikakaa chini. Nikamwambia wifi aendelee. Nilimwona akishuka na dera lake, anashika mkono wa mumewe pale penye utelezi, anacheka, kisha wakapotea kwenye miti. Walikaa huko karibu saa nzima. Mimi nikabaki katikati ya mlima, wala si juu wala si chini, nasikia ngurumo ya maji nisiyoweza kuyafikia. Nililia, dada zangu, na si kwa ajili ya goti. Niliwaza mabibi harusi wote niliowashonea kwa miaka tisa. Wote wamependeza, na wote hatua zao ni shubiri mbili.

Jioni mama mkwe aliponiuliza kwa nini sikufika chini, nilijibu, "Mama, nguo ya stara haifai kule." Alinitazama tu. Usiku nilipokuwa nalisafisha goti ndipo nilipojua nimesema uongo, tena nimeisingizia dini. Wifi alikuwa amejistiri kunishinda mimi. Dera lake halikuonyesha umbo, langu lilionyesha. Kilichonizuia ni mshono nilioutaka ili nionekane.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na najua kuna watakaonikasirikia pande zote mbili.

Upande mmoja wako wanaosema mwanamke wa heshima hana kazi porini. Hawa nawaheshimu, wengine ni masomo na mabibi zetu. Lakini Sura Al-Ankabut, aya ya 20, inatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji, na sijaona mahali waliposamehewa wanawake kutazama. Na Mama yetu Aisha (R.A.) amesimulia, katika mapokezi ya Abu Dawud, kwamba alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) wakiwa safarini akamshinda, na baadaye alipoongezeka mwili Mtume akamshinda yeye, akamtania kwamba sasa wamelipana. Katika mapokezi ya Imam Ahmad, Mtume aliwaambia watu watangulie kwanza. Tazameni uzuri huo: mchezo upo, stara ipo, na mume ndiye aliyeitengeneza nafasi.

Upande wa pili wako wanaosema, "Vua mtandio siku moja tu, huko porini nani anakujua?" Hawa nawajibu kwa ufupi. Anayenijua yupo.

Pande zote mbili zinakubaliana kwenye jambo moja bila kujua, kwamba stara na mwendo haviwezi kukaa pamoja. Mimi nasema vinakaa, ila fundi lazima afanye kazi yake.

Kwa hiyo nilirudi kwenye cherehani. Nilishona kanzu ya pamba nzito kidogo, inayofika nusu ya muundi, pana, yenye mpasuo pande zote mbili hadi nyonga. Chini yake suruali pana yenye lastiki kifundoni, na kati ya miguu nikaongeza kipande cha pembe nne ili mtu apande jiwe bila mshono kuachia. Mikono ina lastiki kwenye kiganja. Mtandio ni wa kuvaa kwa kuvuta, hauna pini hata moja, na ncha zake zinaingia ndani ya kanzu. Sikutumia satini wala shifoni. Satini inateleza ukikaa juu ya jiwe, na shifoni inanasa kwenye kila mwiba. Nilipoitazama imekwisha nikawakumbuka Wafipa wa zamani, waliokuwa wakifuma pamba yao wenyewe, kitambaa walichokiita seketa, kabla nguo za madukani hazijakiua. Sidhani kama kuna mfumaji aliyekaa chini kufuma nguo ya kumzuia mtu kutembea.

Mwezi wa Julai nilirudi Kalambo, na safari hii nikafika chini. Sitawaelezea sana. Uso wangu ulilowa mvuke, nikanyanyua kichwa kutazama maji yanatoka mbinguni, na neno lililonitoka ni moja, Allahu Akbar. Mume wangu alinyamaza muda mrefu kisha akasema, "Tumeoana miaka kumi na moja, leo ndiyo mara ya kwanza nakuona unapanda kitu." Hilo nimelihifadhi kuliko pete yangu.

Sasa nirudi kwa bi harusi wangu wa kwenye waya. Yafuatayo ndiyo niliyomjibu, na nawaandikia nyote.

Kwanza, nguo. Ile mikanda inapita kiunoni na kuzunguka kila paja, kwa hiyo abaya au sketi itapandishwa juu, hakuna njia nyingine. Suruali pana ni lazima, na kanzu iwe na mpasuo ili mikanda ifungwe juu ya suruali, kisha kanzu ishuke. Lakini anayekukagua aone kila kifungo kabla hujaachiwa. Usione haya ukaficha kitu ambacho uhai wako umening'inia hapo. Ncha za mtandio ziingie ndani kabisa, kwa sababu ile roda inayotembea juu ya waya ikinasa kitambaa haitauliza ni cha nani. Pini zitoke zote, maana chini ya kofia ngumu zinachoma.

Pili, piga simu kabla hujalipa. Uliza kama yuko mwanamke wa kukufunga mikanda. Kama hayuko, uliza kama mumeo ataruhusiwa kukusaidia kuivaa, kisha mkaguzi akague kwa macho na kuvuta mkanda, bila kukupapasa. Wakikucheka kwenye simu, pesa yako iende kwingine. Wakikujibu vizuri, utajua wamezoea kuhudumia watu. Ambao hamjaolewa, suala la nani wa kusafiri naye mulizeni shekhe wenu, mimi ni fundi cherehani.

Tatu, swala isiwe kisingizio wala isiwe ya kusahauliwa. Kutoka Sumbawanga hadi Kalambo kwa gari ni zaidi ya kilomita 100, na kwa sisi Mashafi safari ya kupunguza swala ni kilomita 80 na kidogo. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri rakaa mbili mbili, kwa kukusanya, juu ya mkeka. Kibla ya huku iko kaskazini, unageukia mashariki kidogo tu. Chukueni dumu la maji ya udhu kwenye gari, msitegemee mtakayoyakuta.

Nne, mwenye mimba, mwenye maradhi ya moyo au presha, au aliyefanyiwa operesheni karibuni, asipande waya. Na mwenye woga pia ana haki yake. Kuogopa si dhambi na si aibu, na mume mwema hamsukumi mkewe. Kaa juu, kunywa chai, tazama. Ila hakikisha umekaa kwa sababu umechagua, usikae kama nilivyokaa mimi.

La mwisho ni la pesa, na hapa najikata mkono mwenyewe. Mnaniletea vitambaa vya nguo tano: ya kesho yake, ya kupokea wageni, sare ya singo, na kadhalika. Nguo inavaliwa saa mbili, inapigwa picha, inaingia sandukuni. Nawaomba mabibi harusi wa mwaka huu mpunguze moja. Nne zinatosha, wallahi, hakuna mgeni anayehesabu. Pesa ya ile ya tano, kitambaa na ufundi, iwe nauli ya siku moja ya kwenda kuona kitu pamoja na mumeo. Iwe Jozani kwa kima punju, iwe Kalambo, iwe huo waya wa Kenya.

Nami nitashona hiyo kanzu ya mpasuo. Bi harusi wangu ameshafuta abaya ya samaki kwenye orodha yake, na jana alinitumia vipimo vipya. Safari hii alipima pia urefu wa hatua yake, ukutani kwao, kwa chaki. Ni shubiri nne na nusu.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zenu na aziongoze safari zenu. Amin.