Dawa Ilikuwa Ndani ya Nyumba: Barua ya Wazi kwa Mganga Mfawidhi

Kwako Mganga Mfawidhi wa hospitali ya rufaa ya mkoa wetu,

YAH: MOFINI INAYOTOLEWA BILA MAELEZO

Daktari, husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kwa heshima, na heshima hiyo naishikilia kwa nguvu kwa sababu hasira iko karibu. Jina la hospitali yako nimeliacha makusudi. Wapo wengine wenye dirisha la dawa kama lako, nao nataka wajione humu.

Mama yangu alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Faili lake unalo. Ilipofika hatua ya kurudishwa nyumbani, daktari wa wodi alimwandikia mofini ya maji, na kwa hilo namshukuru, kwa kuwa wagonjwa wengi hawaandikiwi kabisa. Mdogo wangu alikwenda dirishani na karatasi, akarudi na chupa ya plastiki iliyokuwa ya maji ya kunywa, lebo yake imebanduliwa nusu. Juu yake palibandikwa plasta nyeupe, na kwenye plasta kalamu imeandika: "Morphine 1x6". Basi.

Moja ya nini? Kijiko cha chai? Kijiko cha chakula? Kizibo? Mofini ya maji huchanganywa kwa nguvu tofauti: mililita 5 za ile nyepesi huwa na miligramu 5, na mililita 5 za ile kali huweza kuwa na miligramu 50. Plasta haikusema yetu ni ipi. Sirinji ya kupimia haikutolewa. Saa hazikutajwa. Dawa ya kulainisha choo haikuandikwa wala kuzungumzwa.

Usiku wa kwanza mama alilala, na nyumba nzima ikalala. Kisha ukaja usingizi wa mchana na kichefuchefu, mambo ambayo kwa wagonjwa wengi hupungua baada ya siku chache. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Mama mdogo, ndiye aliyekuwa akimuuguza, akaanza kuogopa kwamba anamuua dada yake kwa mkono wake mwenyewe. Akawa anampa dawa pale tu mama anapolia. Halafu choo kikafunga. Tumbo likajaa, likakaza, mama akawa anajikamua mpaka machozi yanamtoka. Mwishowe akasema, "Mwanangu, bora yale maumivu yangu niliyoyazoea." Tulipokwenda zahanati, muuguzi aliitazama ile chupa akatuonya kwamba hiyo ni jamii moja na unga, tusije tukamfanya mama teja uzeeni. Chupa ikapandishwa juu ya kabati.

Mama alikufa akiumwa, na dawa ikiwa ndani ya nyumba.

Yale ambayo tungeambiwa nimekuja kuyajua baadaye, kwa muuguzi wa tiba shufaa wa mahali pengine, aliyenieleza kwa dakika chache tu akiwa amesimama. Wewe unayajua kuliko mimi, na hicho ndicho kinachoniuma. Mofini ya maji nguvu yake hudumu kama saa 4, kwa hiyo hutolewa kwa kufuata saa, maumivu yawepo au yasiwepo: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku kipimo maradufu ili mgonjwa asiamshwe saa 8 usiku. Maumivu yakichomoza katikati, anapewa kipimo cha ziada na kinaandikwa daftarini, ili daktari ajue kama kiwango kinatosha. Ukisubiri mgonjwa alie ndipo umpe, unayakimbiza maumivu yaliyokwisha kukuacha. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa maumivu ya saratani tangu mwaka 1986: dawa kwa mdomo, kwa saa, kwa ngazi. Mwaka 1986, Daktari.

Choo kigumu nacho si ajali. Mofini hupunguza mwendo wa utumbo kwa karibu kila anayeitumia, na tofauti na kichefuchefu, tatizo hilo haliishi lenyewe kwa kuzoea. Ndiyo maana anayeandika mofini huandika na bisakodili au sena siku hiyo hiyo, isipokuwa mgonjwa anaharisha au ana sababu nyingine ya kutopewa. Vidonge hivyo bei yake ni ndogo. Kwa kukosa vidonge hivyo mama yangu aliikataa dawa pekee iliyokuwa imempa usingizi. Akafa akiumwa, na dawa ikiwa ndani ya nyumba.

Yako na mengine, nayataja kwa ufupi. Saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi hubana mirija ya mkojo na kuharibu figo, na figo zikidhoofika mofini hulundikana mwilini, hivyo kipimo hupunguzwa au saa huongezwa. Hatukuwahi kuambiwa kama figo za mama zilipimwa. Hatukuambiwa kwamba pombe na vidonge vya usingizi havichanganywi na mofini. Hatukuambiwa kwamba mgonjwa akishaizoea haachishwi ghafla. Hatukuambiwa dalili za hatari: mgonjwa ukimtikisa haamki, anapumua polepole mno, mboni za macho zimekuwa nukta, huyo ni wa kukimbizwa hospitali mara moja, na dawa ya kuzimua mofini, naloksoni, ipo duniani. Hatukuambiwa tuifungie chupa mbali na watoto, na nyumba yetu ina wajukuu. Baada ya mazishi tuliirudisha dirishani kwako, na jibu tulilopewa ni tukaimwage chooni.

Nasikia sababu inayotolewa ya kuibania mofini ni hofu ya uraibu. Nchi hii imeona heroini ilivyoharibu vijana, na sibezi hofu hiyo. Lakini tangu mwaka 2011, pale Hospitali ya Taifa Muhimbili, watu wanaoacha heroini wamekuwa wakipewa methadoni, ambayo ni ndugu wa mofini, kwa kipimo kilichopimwa na mbele ya mhudumu anayejua anachokifanya. Kumbe kazi hii tunaiweza. Mgonjwa wa saratani anayepewa mofini kwa maumivu na kufuatiliwa vizuri, kipimo kikipanda kadiri ugonjwa unavyopanda, si teja. Muuguzi wa zahanati aliyetuonya hakuwa mtu mbaya. Hakufundishwa, kama sisi tusivyoelezwa, na kutokufundishwa kwake kumemgharimu mama yangu.

Jirani zetu Uganda walianza zamani. Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, na mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini. Huko huduma ilishuka hadi kwenye nyumba za wagonjwa. Nao Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, unaotajwa kila tunapoelezwa kwa nini mofini hufungiwa kwa makufuli, unatamka mwanzoni kabisa kwamba dawa hizi hazina budi kuwepo kwa ajili ya kuondoa maumivu. Kufuli tumelisoma, huruma tumeiruka. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilieleza kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Kwa hiyo kila chupa inayofika mkoani kwetu imevuka vikwazo vingi mno. Kuifikisha hadi dirishani, kisha kuitoa bila neno, ni kumnyima mgonjwa huku mkono umenyooshwa kama unaompa.

Daktari, ninayoomba yote yako ndani ya uwezo wako, bila kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Kila chupa ya mofini iwe na lebo ya Kiswahili yenye jina la mgonjwa, nguvu ya dawa, kipimo kwa mililita, saa za kunywa na tarehe ya kuisha muda. Itoke na sirinji ya kupimia. Itoke na dawa ya choo. Atoke mtu dirishani, akae na anayeuguza, amwonyeshe kupima, amsikilize akirudia maelezo. Iandikwe namba ya simu inayopokelewa usiku. Chupa iliyobaki ipokewe na kuandikwa kitabuni. Na waganga wa zahanati zinazokuletea wagonjwa waitwe wafundishwe, ili wasimtishe mgonjwa mwingine akaiacha dawa yake.

Na wewe msomaji unayeuguza mtu leo: usiondoke dirishani kabla hujajua unampa mililita ngapi, saa ngapi, dawa ya choo iko wapi, na ukiona nini umkimbize hospitali. Wakikuharakisha, simama hapo hapo uulize tena. Ni haki ya mgonjwa wako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Binti wa marehemu